Mwandishi anapokuja kuwasomea watoto maktabani Tanga: yasemwayo na yalivyo

"Maktaba ni mahali pa kunyamaza." Ni kweli kwenye ukumbi wa kujisomea, hasa Oktoba na Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne wanapokuwa wameinamia madaftari. Kusomea familia ni shughuli nyingine na inataka mahali pake: chumba chenye mlango unaofungika, au baraza lenye kivuli. Watoto wakionywa mapema wasipige kelele, mwandishi ataita "Paukwa!" na "Pakawa" itatoka kwa kunong'ona. Kuanzia hapo hadithi imeshapoa. Waachieni wajibu kwa sauti, na wanaoijua "Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa" waimalize hadi vilango vya kupita. Haichukui hata nusu dakika, na kila mdomo umeshafanya kazi kabla ya ukurasa wa kwanza.

"Aliyekiandika ndiye anayejua kukisoma." Hapa ndipo shughuli nyingi zinapoharibika. Kuandika ni kazi ya mkono na jicho, kusomea watu ni kazi ya pumzi. Mwandishi ambaye hajajizoeza huinamisha uso kitabuni, husoma mbio, na sauti yake huishia kwenye karatasi. Dawa ni kukisoma kwa sauti mara tatu nyumbani. Mara ya kwanza aweke saa. Mara ya pili ashike penseli, atie alama pa kupumua, na akate sentensi ambazo ulimi unajikwaa. Mara ya tatu akigeuze kitabu kiwatazame watu, akishike pembeni ya bega, asome kwa kutupia jicho. Kusoma kwa upande namna hiyo hakuji siku ya kwanza.

Kufunua ukurasa nako kuna ufundi wake. Jambo la kushtua mara nyingi hukaa nyuma ya karatasi, kwa hiyo kidole kiwe tayari chini ya kona, sentensi iishe, anyamaze kidogo, ndipo afunue. Akifunua mapema, picha inakuwa imeshatoboa siri.

Kuhusu muda: kitabu cha kurasa 24 chenye maneno 600, kwa mwendo wa maneno 100 kwa dakika, ni dakika 6 za kusoma tu. Ongeza kuonyesha picha na watoto kudakia maneno, unafika 10 au 12. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 7, vitabu viwili vifupi na vitendawili vichache katikati vinatosha kabisa. Wakianza kugaagaa mkekani, ruka kurasa mbili. Hakuna aliyelipa nauli ya bajaji kwa hesabu ya kurasa.

"Picha wataziona tu." Kitabu cha ukubwa wa A4 kikivuka mita 3, sura za wanyama hugeuka madoa. Tandika mikeka nusu duara, mstari wa mbele uwe kama mita 1 kutoka kwa msomaji, na usizidishe watoto 25. Wakija 60, gawa awamu tatu badala ya kuongeza spika. Spika kubwa ndani ya chumba kidogo huwatisha wadogo na haimwonyeshi mtu picha. Msomaji asikae na dirisha mgongoni, maana mwanga wa asubuhi utamfanya kivuli kinachoongea. Feni ya dari hupeperusha kurasa, basi tafuta klipu mbili. Na masika, Machi hadi Mei, mvua ikianza kupiga bati hakuna sauti itakayoishinda: funga kitabu, cheza mchezo wa vitendo vya mikono, subiri.

"Jumamosi asubuhi kila mtoto yuko huru." Kwa Tanga hii ni hesabu mbovu. Watoto wengi, wa Ngamiani na kwingineko, wikiendi asubuhi wako madrasa. Waulize walimu wa madrasa kabla ya kuchapisha tangazo. Baada ya swala ya Alasiri mara nyingi hufaa zaidi. Kama maktaba huwa imefungwa saa hizo, ruhusa iombwe mapema.

"Bila mgeni rasmi shughuli haijanoga." Utambulisho, salamu za viongozi, risala, neno la shukrani: dakika 40 zimekwisha na mtoto wa miaka 5 keshaomba kwenda chooni mara mbili. Hadithi itangulie, hotuba zifuate, na atakayeondoka kabla ya hotuba asilaumiwe.

"Kazi ya mzazi ni kumleta mtoto." Akimwacha mlangoni na kwenda sokoni, amekosa nusu ya faida. Akikaa naye mkekani anaona jinsi ya kuuliza, kunyamaza na kurudia, aende akafanye hivyo nyumbani. Kutojua kusoma si kizuizi: bibi anaweza kufungua picha na kuzisimulia kwa maneno yake. Kinachoharibu ni ule mfinyo wa pajani na "Sema wewe!", au mzazi kumjibia mwanawe.

"Mwisho lazima waulizwe: tumejifunza nini?" Swali hili linageuza mkeka kuwa dawati. Watoto wanajua jibu linalotakiwa, na watakujibu "tuwaheshimu wakubwa" hata kama hadithi ilikuwa ya kaa aliyepoteza kiatu. Uliza "Ungekuwa wewe, ungejificha wapi?" uone mikono. Au usiulize chochote, waache waje wakiguse kitabu.

"Kurekodi na kurusha mtandaoni ni kumtangaza mwandishi." Kipande kifupi, kwa ridhaa yake, sawa. Kitabu kizima ni kutoa nakala, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamwachia mwenye haki uamuzi huo. Mara nyingine mwandishi mwenyewe ameshaikabidhi haki hiyo kwa mchapishaji, kwa hiyo tabasamu lake halitoshi kuwa kibali. Picha za watoto nazo ziombewe ruhusa kwa wazazi mlangoni, kabla simu hazijanyanyuliwa.