Je, seli za ubongo zikifa hazirudi?

Utasikia watu wakisema seli za ubongo ulizozaliwa nazo ndizo hizo hizo, zikifa basi. Kwa gamba la nje la ubongo wanakaribia ukweli: seli za neva za pale zina umri sawa na mwenyewe. Kosa ni kuusemea ubongo mzima.

Penye ubishi ni hipokampasi, sehemu ya ndani inayohusika na kumbukumbu. Miaka ya 1960 mwanasayansi Joseph Altman aliona seli mpya kwa panya waliokomaa, wenzake wakampuuza. Mwaka 1998 zikaonekana kwa binadamu. Ushahidi mtamu zaidi, kwangu mimi, ulitoka Uswidi mwaka 2013. Majaribio ya zamani ya mabomu ya nyuklia yalijaza hewa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, ikaingia kwenye mimea, ikafika sahanini, ikaishia ndani ya DNA ya kila seli iliyozaliwa. Kiwango chake hewani kikawa kinashuka mwaka hadi mwaka, hivyo kukipima ndani ya DNA ya seli ni kujua ilizaliwa lini. Hesabu ikatoa takriban seli mpya 700 kwa siku katika kila hipokampasi.

Utafiti mwingine wa 2018 haukuona hata moja kwa watu wazima, na wanasayansi bado wanavutana. Wauza vidonge vya "kuotesha ubongo", wao hawajangoja matokeo.