Intaneti haina swichi Marekani

Wateja wangu hapa Mwanza, wenye hoteli za Capri Point kwa wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, wana kauli moja: "Intaneti ni ya Wamarekani, wakikasirika wanatuzimia." Nimechoka kuisikia, maana anayeiamini haoni haja ya kulinda hata kikoa chake, yaani jina la tovuti yake.

ICANN, shirika lisilo la faida lililoanzishwa California mwaka 1998, linaratibu majina ya vikoa na namba za IP, yaani anwani za vifaa vilivyomo mtandaoni. Halibebi data ya mtu. Ni kweli lilifanya kazi hiyo kwa mkataba na Wizara ya Biashara ya Marekani, na suala hilo lilizua mvutano mkali kwenye mkutano wa kilele wa Umoja wa Mataifa kuhusu jamii ya habari, Tunis, mwaka 2005. Mkataba huo ulikoma tarehe 1 Oktoba 2016. Shirika bado liko chini ya sheria za California, na wanaolalamikia hilo wana hoja. Lakini mwishoni mwa Februari 2022 Ukraine iliomba .ru, kikoa cha Urusi, iondolewe; Machi ICANN ikakataa. Kama Urusi iliyo vitani haikuguswa, nani ahangaike na duka lako la sangara?

Mtandao ulipozimwa nchini 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, Kisumu na Entebbe ng'ambo ya ziwa waliendelea kuperuzi. Uzimaji wa namna ile hupitia kwa watoa huduma waliomo humu humu nchini.

Wengine wanadai Umoja wa Mataifa ukikabidhiwa usukani, bando litashuka bei. Halishuki. Ugomvi wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kule Dubai mwaka 2012, ambako Marekani na Uingereza zilikataa kusaini mkataba, haukuwa wa bei ya bando lako. Hiyo inatokana na mkongo, kodi na ushindani wa kampuni za simu.

Na zile "seva 13 za dunia" zinazosemwa kuelekeza majina yote ya vikoa? Ni majina 13. Nakala zake zinazidi 1,000, zimetapakaa duniani kote.

Anayesema Afrika haina chake, ajue namba zetu za IP zinagawiwa na AFRINIC, shirika la Afrika lenye makao Mauritius, na .tz inasimamiwa hapa hapa nchini. Ndiyo maana nasisitiza .co.tz kila siku. Mteja wangu wa Igoma alipoteza .com yake kwa sababu fundi aliisajili kwa baruapepe yake mwenyewe, kisha akahama mji bila kuaga. Muulize fundi wako leo: kikoa kimeandikwa jina la nani, na taarifa ya kulipia upya inaingia kwenye baruapepe ipi?