Msaada wa kisheria si msaada wa unga

Neno "msaada" ndilo linalotuchanganya. Hapa Tabora ukisema fulani kapata msaada, watu wanaona unga, blanketi au bahasha. Basi mtu aliyevunjwa mguu akisikia kuna msaada wa kisheria, anakwenda akitarajia kulipwa. Akiulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumia, iko wapi na risiti za dawa ziko wapi, anarudi nyumbani akinung'unika kuwa hata hawa ni walewale.

Msaada wa kisheria haukupi fidia. Unakupa mtu wa kukuwezesha kuidai. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inautaja kuwa ni elimu ya sheria, ushauri, usaidizi na uwakilishi kwa mtu ambaye kipato chake hakimwezeshi kumlipa wakili. Elimu na ushauri utavipata mara nyingi kwa msaidizi wa kisheria, mtu wa kata yako aliyepewa mafunzo na kusajiliwa. Atakueleza haki yako, atakuandikia barua au kukusaidia kujaza fomu, na atakuonyesha mlango wa kugonga. Hawezi kusimama mahakamani kukutetea, kwa sababu hiyo ni kazi ya wakili. Wala haruhusiwi kukutoza. Anayekuomba "ya soda" ili faili lisogee ni kishoka, hata akiwa na muhuri na begi la ngozi.

Tuchukue mfano. Bibi wa miaka 72 anatoka soko kuu na kapu lake la karanga. Anavuka barabara kule Isevya, bodaboda inamgonga, nyonga inavunjika. Vijana wanampakia kwenye bajaji hadi Hospitali ya Kitete. Dereva si mtu mbaya. Anatoa shilingi 50,000, anaomba yaishe kiungwana. Mjukuu anachana karatasi kwenye daftari la shule, anaandika "nimesamehe, sina madai", na bibi anaweka dole gumba.

Karatasi ile ni ghali kuliko pikipiki. Siku matibabu yatakapofika milioni, ndiyo itakayotolewa kwanza na upande wa pili. Kusamehe ni jambo jema, nasi Wanyamwezi tunasifiwa kwa hilo, lakini hakuna haraka ya kusamehe kabla mganga hajasoma picha ya eksirei.

Tukio hilo moja linazaa kesi mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ya kwanza ni ya jinai: Jamhuri inamshtaki dereva kwa kuendesha kizembe. Bibi hapo si mwenye kesi, ni shahidi. Dereva akitozwa faini, fedha inakwenda serikalini, na bibi anabaki kuuliza, "Sasa mimi nimepata nini?" Kweli mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru mshtakiwa aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumizwa, ila mara nyingi lazima mtu aikumbushe. Ya pili ni ya madai, ambayo bibi anaifungua mwenyewe. Katika jinai hatia ithibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi. Katika madai inatosha ushahidi wa upande wako uwe mzito kuliko wa mwenzako. Ndiyo maana dereva anaweza kuachiwa huru kwenye ile ya kwanza na bado akadaiwa kwenye ya pili.

Madai ya kuumizwa yana muda wake: miaka 3 tangu siku ya tukio. Kesi ya jinai ikikokotwa miaka 2 kwa sababu shahidi haonekani, saa ya madai haisimami kuisubiri.

Na nani atalipa, ikiwa dereva mwenyewe anapeleka hesabu ya siku kwa tajiri wake? Hapa ndipo bima ndogo inapoingia. Watu wanaidhani ni ya kumridhisha trafiki. Kila chombo cha moto barabarani lazima kiwe nayo, pikipiki pia, na haimlindi mwenye pikipiki kwa kuanguka kwake. Iliwekwa kwa ajili ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye chombo, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni bibi mwenye kapu la karanga. Kwa hiyo namba ya pikipiki iandikwe palepale, kabla ya kitu kingine chochote. Kwa namba hiyo polisi na mamlaka ya bima wanaweza kujua chombo kilikatiwa bima na kampuni gani.

PF3 nayo isieleweke vibaya. Unaichukua polisi, daktari anaijaza, inarudi polisi. Inaonyesha uliumia wapi na kiasi gani. Nani alikuumiza, hilo linahitaji watu walioona, kwa hiyo chukua majina na namba za simu za vijana wale waliokubeba. Kisha risiti. Mahakama inatofautisha hasara inayohesabika, kama dawa, nauli za kwenda kliniki na gongo la kutembelea, na maumivu yasiyo na bei. Ya pili hakimu anayakadiria kwa busara yake. Ya kwanza lazima uithibitishe shilingi kwa shilingi, na muuza karanga hana hati ya mshahara. Daftari la mauzo, hata lenye mwandiko wa mjukuu, ni bora kuliko mikono mitupu.

Hadi hapo tumesema juu ya mgeni kumuumiza mzee. Ugumu unaanza aliyemuumiza anapokuwa wa nyumbani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Ukatili dhidi yake haupitii fimbo tu. Kumfungia ndani, kumnyima chakula, kumnyang'anya shamba la tumbaku aliloling'oa visiki mwenyewe, vyote vimo. Kuna hili la karatasi pia: mwanawe anamwambia aweke dole "kwa ajili ya matibabu", kumbe ni hati ya kumpa kijana uwezo wa kuuza kiwanja. Mzee anajua siku mnunuzi anapokuja kupima. Hapo msaidizi wa kisheria ana kazi kubwa, maana hati kama hiyo inaweza kupingwa, lakini mambo ya ardhi yana njia yake. Tangu mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu; suluhu ikishindikana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee wengi bado wanazunguka kwa mtendaji mwezi baada ya mwezi wakisubiri hukumu ambayo hana uwezo wa kuitoa.

Halafu kuna lile tusilopenda kulisema kwa sauti. Katika mikoa yetu, Tabora, Shinyanga na jirani zao, bibi mwenye macho mekundu amewahi kuuawa kwa kuitwa mchawi, wakati wekundu wenyewe umetokana na miaka 50 ya kupikia kuni katika kibanda kisicho na dirisha. Wengi hawajui kwamba kumwita mtu mchawi kwenyewe ni kosa, kwa Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ambayo bado ipo. Mwenye kuitwa hivyo hana haja ya kungoja panga. Maneno yakitamkwa kilabuni au kwenye msiba, au barua ikitupwa mlangoni usiku, hilo tayari ni la kupeleka polisi, na Dawati la Jinsia na Watoto linapokea pia malalamiko ya namna hii. Barua isichomwe moto. Najua mkono unawasha kuichoma, lakini ndiyo ushahidi.

Utasikia, "Hayo ni ya ukoo, tutakaa kikao." Kikao kinafaa kugawana zamu za kumtunza mzee au kurudisha ng'ombe. Kupigwa na kutishiwa maisha ni jinai, na ukoo hauna mamlaka ya kuifuta kwa mbuzi na debe la pombe.

Kuwapata wasaidizi waliosajiliwa, anza ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii ya halmashauri, iwe Uyui, Nzega, Urambo au Manispaa. Beba kitambulisho, PF3 au nakala yake, na karatasi yoyote iliyowekwa dole gumba. Msaidizi anayeijua kazi yake atataka kuzungumza na mzee peke yake kwanza, kwa Kinyamwezi ikibidi, kwa sababu anayemshika mkono mzee hadi ofisini mara nyingine ndiye anayelalamikiwa. Ukiombwa usubiri nje chini ya mwembe, subiri.