Si kila injini ya mipigo miwili huchanganyiwa oili tangini

Wengi huamini kwamba pikipiki kuukuu ya njia za vumbi, yenye injini ya mipigo miwili (pistoni hupanda na kushuka mara moja tu kwa kila mlipuko wa mafuta), ni lazima ichanganyiwe oili na petroli katika tangi moja. Sivyo. Yamaha DT-1 ya mwaka 1968 ina tangi dogo la pekee la oili, na pampu inayoendeshwa na injini huipeleka ndani ya injini kulingana na kasi ya injini na jinsi mwendeshaji anavyoongeza mafuta. Moshi wa oili upo, tusidanganyane. Lakini kwa kuwa injini hii haina valvu (vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) wala kemshafti (mhimili unaovifungua), fundi hulegeza nati chache tu za kichwa cha silinda akaiona pistoni. La kuangaliwa ni oili: ikiisha petroli ingalipo, injini huendelea kunguruma hadi pistoni ikwame.