Hamasa Wanayo, Hawana Aljebra

Wiki hii tena mfadhili kaniuliza lini tutamleta mhandisi mwanamke awahamasishe wasichana wetu. Swali hili limenichosha. Nafundisha hesabu wasichana weusi baada ya saa za shule hapa Boston, na hamasa hawajawahi kuikosa. Wanachokosa ni aljebra ya darasa la 8.

Hesabuni. Aljebra la 8, jiometri la 9, aljebra ya pili la 10, maandalizi ya kalkulasi la 11, kalkulasi, hesabu ambayo uhandisi huidai, la 12. Anayeanza aljebra la 9 haifikii kalkulasi asipofidia mwaka huo, kwa mfano kiangazi. Na mara nyingi anayeanza mapema ni yule aliyependekezwa na mwalimu. Hapo hotuba haifiki.

Bob Moses, mwanaharakati wa haki za raia wa Marekani, aliliona hili mwaka 1982, jirani tu, Cambridge. Alikuwa amefundisha hesabu Same, Tanzania, miaka ya 1970; aliporudi akakuta shule ya binti yake Maisha haina aljebra darasa la 8. Akaingia darasani akamfundisha yeye na wenzake wachache. Ndio mwanzo wa Algebra Project, mradi wake wa kufundisha aljebra.

Somo lao maarufu ni la treni, nasi twalitumia. Tunapanda Red Line, njia ya treni ya mjini hapa. Kituo cha Central ni sifuri. Harvard chanya 1, Porter chanya 2. Upande wa pili Kendall hasi 1, Charles hasi 2, Park Street hasi 3. Umepanda Park Street, umeshukia Porter: umesogea vituo vingapi, upande gani? Mwisho toa mwanzo: 2 − (−3). Vitano, na wamevihesabu dirishani. Baadaye wanachora, wanaeleza kwa maneno yao, wanabishana. Alama za hesabu, kama + na −, huja mwisho. Wanaojitolea wapya hutaka kuruka mabishano wakidhani ni fujo. Hapana! Msichana ambaye shuleni hukemewa kwa kusema sana, hapa anatetea jibu lake mpaka mwenzake akubali. Hatua hiyo siiachii.

Kuna linalonisumbua. Wanaotufikia ni wenye mzazi au bibi wa kuwaleta na kuwafuata jioni, kwa hiyo siwezi kutenganisha kazi yetu na bidii ya nyumbani. Na maendeleo yao kwetu hayailazimishi shule kuwapangia aljebra. Ndiyo maana kila ratiba mpya ikikaribia tunafuatana na wazazi hadi ofisi ya shule, daftari la mtoto mkononi, kuuliza kwa nini hakupangiwa. Wengine hubadili uamuzi. Wengine hutuambia nafasi zimejaa.