Nyanya za Chupa: Dakika za Pangani Si Dakika za Lushoto

Nyanya zikifurika kutoka milima ya Usambara, soko la Mgandini pale Tanga mjini hubadilika sura. Matenga hupangwa juu kwa juu, bei hushuka kadiri jua linavyopanda, na ikifika alasiri zile zilizoiva kabisa, nyekundu zinazobonyea ukizigusa, huuzwa kwa ndoo. Mama anayebeba ndoo nzima kwa mchuzi wa wiki moja ataishia kumwaga nusu. Ndiyo maana kila ninapokwenda kufundisha usindikaji, iwe Muheza au Soni, swali la kwanza huwa hilohilo: naweza kuziweka kwenye chupa zikanifikisha mwakani?

Unaweza. Ila njia iliyozoeleka majumbani kwetu ni ya hatari, na sitaki kuipita kimyakimya. Watu huchemsha rojo la nyanya, hulimimina likiwa la moto kwenye chupa ya jemu iliyooshwa, hufunga kifuniko, kisha huipindua chupa kichwa chini. Ikipoa kifuniko kimevuta, na mwenye chupa anaridhika. Naelewa kwa nini anaridhika, kwa sababu kifuniko kilichonywea kinaonekana kama muhuri. Lakini kilichotokea ni mvuke na hewa ya moto kupoa na kusinyaa, basi. Kuvuta kwa kifuniko kunazuia vijidudu vya nje visiingie. Hakutuambii lolote kuhusu vilivyokwisha kuwamo ndani.

Na kuna kimoja kinachoipenda chupa iliyofungwa. Jina lake la kitaalamu ni Clostridium botulinum. Makazi yake ni udongoni, kwa hiyo hufika jikoni pamoja na nyanya, karoti na vitunguu. Penye hewa mbegu zake hulala tu, na mtu mzima huzila bila kudhurika. Zikiingia ndani ya chupa isiyo na hewa, kwenye chakula cha majimaji ambacho uchachu wake hautoshi, huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Sumu hiyo hupooza misuli. Mgonjwa huanza kuona vitu viwiliviwili, kope humlegea, ulimi huwa mzito, kumeza humshinda, na mwisho hata kupumua. Mara nyingi dalili hujitokeza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kunukia vizuri na kuwa kitamu kama kawaida.

Maji yanayotokota hayaziui mbegu hizo. Kuziua kunahitaji joto la nyuzi 121, ambalo hulipati kwenye sufuria ya kawaida hata ukichochea kuni usiku kucha. Kinachotuokoa kwenye nyanya ni uchachu. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, na namba ikiwa ndogo ndipo chakula kinapokuwa kichachu zaidi. Chini ya 4.6 mbegu haziamki. Sasa, nyanya zimekaa ukingoni kabisa mwa mpaka huo: nyingi huwa kati ya 4.3 na 4.9. Ziko zilizo salama zenyewe, na ziko zilizovuka mpaka bila mtu kujua, kwa maana sukari ya nyanya huudanganya ulimi.

Nyanya inavyozidi kuiva ndivyo uchachu wake unavyopungua. Kwa hiyo ile ndoo ya alasiri, tamu kuliko zote na ya bei nafuu kuliko zote, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Zilizovundika au kuota ukungu usiziguse kabisa, ukungu unakula uchachu. Zilizotobolewa na kantangaze, yule kiwavi mdogo wa nyanya, zipike siku hiyohiyo baada ya kukata sehemu mbovu, zisiingie chupani. Na mkulima ambaye shamba lake limekaushwa na bakajani, ugonjwa unaounguza majani ya nyanya, akaokoa matunda kwenye mashina yaliyokufa, nayo ayatumie kwa mchuzi wa leo, maana nyanya za shina lililokufa hupungukiwa uchachu.

Dawa yake ni kuongeza uchachu kwenye kila chupa, bila kubagua aina wala msimu. Njia ninayoipendekeza ni asidi ya sitriki, ile chengachenga nyeupe ambayo wengine huiita ndimu ya unga: robo kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita, nusu kijiko cha chai kwa chupa ya lita moja. Ukitumia juisi ya limau ya dukani, weka kijiko kimoja cha mezani kwa nusu lita na viwili kwa lita. Siki yenye asidi ya asilimia 5 nayo inafaa, vijiko viwili vya mezani kwa nusu lita na vinne kwa lita, ingawa ladha yake utaisikia. Ikionekana kali mno, punguza kwa sukari kidogo. Sukari haiharibu kazi ya asidi.

Hapo kina mama wa Tanga huniuliza: ndimu zimejaa uani, ya nini kununua? Ni swali la haki. Tatizo ni kwamba ndimu ya mti huu hailingani na ya mti ule, na ya leo hailingani na ya mwezi ujao. Ya dukani imepimwa ikawekwa kiwango kimoja. Ndimu za uani tuzikamulie samaki.

Kwa juisi ya nyanya, kadiria kilo moja na nusu ya nyanya kwa kila lita. Osha, kata vikonyo na mabaka. Usizikate zote ukaziacha kwenye beseni zikisubiri, kwa kuwa nyanya ikikatwa tu huachia kimeng'enya kinachovunja ule utelezi wake wa asili, na ndiyo sababu juisi za wengi hujitenga, maji chini na nyama juu. Anza na nusu kilo hivi, zikate vipande vinne vinne moja kwa moja ndani ya sufuria iliyo motoni, ziponde huku zikitokota. Kisha endelea kukata na kuongeza kidogo kidogo, sufuria isiache kutokota. Zikiisha zote, acha zichemke taratibu dakika 5, chuja kwa chujio kuondoa maganda na mbegu, na rudisha juisi motoni ichemke tena.

Chupa ziwe za kioo kinene kinachohimili moto, zisiwe na ufa wala pengo mdomoni, na vifuniko viwe vipya. Chupa za plastiki za maji hazina nafasi katika kazi hii. Osha chupa kwa sabuni na uziweke kwenye maji ya moto. Tia asidi kwanza ili usije ukasahau, chumvi ukipenda (hiyo ni ladha tu, haihifadhi kitu hapa), mimina juisi ya moto, acha nafasi ya sentimita moja na robo juu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, funga kwa nguvu za vidole tu.

Kazi kubwa inabaki: kuzichemsha chupa zenyewe. Tandika wavu au vijiti chini ya sufuria kubwa ili chupa zisigusane na moto wa chini, zipange zikiwa wima, na maji ya moto yazifunike kabisa, yapite vifuniko kwa sentimita 2.5 hadi 5. Hesabu dakika kuanzia maji yanapotokota upya, si pale unapotumbukiza chupa. Yakiacha kutokota katikati, washa tena na uanze kuhesabu upya. Mwenye jiko la mkaa awe na mkaa wa kutosha pembeni kabla hajaanza.

Dakika ngapi? Inategemea unaishi wapi, na mkoa wetu unaanzia ufukweni hadi mlimani. Kadiri unavyopanda, maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Pangani yanatokota kwenye nyuzi 100. Lushoto mjini, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa macho ni mtokoto uleule, kwa kijidudu si joto lilelile. Basi kwa juisi ya nyanya, Tanga mjini, Pangani na kote chini ya mita 300: nusu lita dakika 35, lita moja dakika 40. Kuanzia hapo hadi mita 900, ongeza dakika 5. Soni, Lushoto na vijiji vilivyo kati ya mita 900 na 1,800, ni dakika 45 kwa nusu lita na 50 kwa lita. Wanaoishi juu zaidi ya hapo waongeze 5 nyingine.

Ukitaka nyanya zenyewe badala ya juisi, zitumbukize kwenye maji yanayotokota kwa nusu dakika hadi dakika moja, halafu kwenye maji baridi, ganda litatoka lenyewe. Ziponde zikichemka kama nilivyoeleza, asidi ileile, chupa za nusu lita dakika zilezile za juisi, za lita moja dakika 5 zaidi.

Nawaomba sana msitie vitunguu, saumu, hoho, karoti wala mafuta. Najua rosti iliyo tayari ndani ya chupa inavutia, lakini viungo hivyo havina uchachu na huivusha nyanya mpaka ule wa 4.6. Chupa ibebe nyanya tupu. Vitunguu vikaangwe siku ya kupika.

Dakika zikitimia, zima moto, subiri dakika 5, toa chupa uziache zipoe zenyewe saa 12 hadi 24 mahali pasipo na upepo. Bonyeza katikati ya kifuniko: kikirukaruka, hakikuvuta, chupa hiyo iingie kwenye friji na iliwe ndani ya siku chache. Nyingine ziandike tarehe na uzitunze gizani, chumba chenye ubaridi kuliko vyote, mbali na bati na jiko. Zitumie ndani ya mwaka mmoja.

Anayetaka kuuza ana hatua nyingine. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hufundisha usindikaji, na tangu 2019 usajili wa vyakula uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Chupa ikivimba kifuniko, ikivuja, ikitoa povu au kurusha maji unapoifungua, usionje hata kwa ncha ya ulimi, usiwape kuku wala mbwa. Itumbukize kwenye choo cha shimo, kisha osha mikono na meza kwa sabuni na dawa ya klorini. Na mtu wa nyumbani akianza kuona viwiliviwili au kope kumlegea baada ya kula chakula cha chupa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na mabaki ya chupa uende nayo.