Je, wajua kwa nini jaji wa Ufaransa huuliza maswali na jaji wa Uingereza hunyamaza?

Ukiingia katika mahakama mjini Kigoma siku mtu anaposomewa shtaka la wizi, jambo la kwanza utakalolisikia baada ya hati ya mashtaka kusomwa ni swali fupi: ni kweli au si kweli? Mshtakiwa akijibu kwamba ni kweli, kisha akasomewa maelezo ya tukio naye akayakubali, kesi imekwisha kabla ya shahidi hata mmoja kupanda kizimbani, na kinachobaki ni adhabu. Akijibu kwamba si kweli, upande wa Jamhuri utaleta mashahidi wake mmoja baada ya mwingine, nao wataulizwa maswali ya dodoso na mshtakiwa au wakili wake, huku hakimu akisikiliza, akiandika, na akiingilia kati pale tu panapokuwa na jambo la kufafanuliwa.

Vuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, upande wa Congo, na shtaka lile lile litakwenda kwa namna nyingine. Huko ofisa wa parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, amekwisha kuwahoji wahusika na kuandika maelezo yao katika dosie, na dosie hiyo hufika mikononi mwa jaji kabla ya siku ya kesi. Jaji huanza kuuliza mwenyewe: ulikuwa wapi, nani alikuona, mbona maelezo yako ya kwanza ni tofauti na haya? Mshtakiwa akisema ni kweli, kauli yake inakuwa ushahidi mmojawapo wa kupimwa pamoja na mwingine, na kesi inaendelea.

Tofauti hiyo haikuzaliwa Kigoma wala Kalemie. Ilikuja na wakoloni, Waingereza upande mmoja na Wabelgiji upande wa pili, lakini wao nao waliirithi kutokana na uamuzi uliofanywa na makasisi mjini Roma mwaka 1215.

Kabla ya mwaka huo, sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa na njia ya kumaliza kesi ambayo babu zetu wa pwani wasingeishangaa, kwani wao pia walikuwa na viapo vya moto na vya tonge la mkate. Mtu aliyeshukiwa kwa kosa kubwa, ikiwa hapakuwa na shahidi wa kutegemewa, alikabidhiwa kipande cha chuma kilichotolewa motoni na kubarikiwa na padri, akatembea nacho hatua kadhaa. Mkono ulifungwa kitambaa, na baada ya siku tatu ukafunguliwa. Kidonda kilichoanza kupona vizuri kilimaanisha kwamba Mungu amemtetea. Kilichotunga usaha kilimaanisha hatia. Wengine walitumbukizwa majini, na aliyezama ndiye aliyekuwa safi, maana maji yalimpokea. Tunaweza kucheka, lakini faida yake tuione: hakuna binadamu aliyebeba lawama ya hukumu. Ndugu wa aliyenyongwa hawakuwa na wa kumlipizia kisasi.

Mkutano Mkuu wa Laterano, ulioitishwa na Papa Innocent wa Tatu, uliwakataza mapadri kubariki majaribio hayo. Bila baraka ya padri chuma kilikuwa chuma tu. Hivyo katika kipindi kifupi kila utawala ulilazimika kujibu swali ambalo hadi hapo lilikuwa limeachiwa mbingu: ikiwa Mungu hatoi tena ushahidi, nani aaminiwe kusema kwamba mtu huyu ameua?

Uingereza ilijibu: majirani. Mwaka 1219 baraza la mfalme Henry wa Tatu, aliyekuwa bado mtoto, liliwaandikia majaji waliokuwa wakizunguka mikoani kwamba majaribio ya moto na maji hayaruhusiwi tena, na kwa kiasi kikubwa likawaachia wenyewe watafute njia. Tayari palikuwa na desturi ya kuwakusanya wanaume wa eneo na kuwaapisha waseme wanachokijua kuhusu mipaka ya mashamba au uhalifu wa kijijini, na hao wakaanza kuulizwa pia kuhusu hatia. Hilo ndilo juri. Mwanzoni hawakuhitaji mashahidi, kwa kuwa wao wenyewe ndio waliokuwa wakimjua mtu na tabia zake.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Chuma cha moto kilikuwa hukumu ya Mungu, lakini majirani ni watu tu, na ilionekana si haki kumlazimisha mtu ahukumiwe nao bila ridhaa yake. Kwa hiyo mshtakiwa aliulizwa kwanza anajibu nini na kama anakubali kuhukumiwa na watu wa nchi yake. Aliyekataa kufungua kinywa alilazwa chini na kurundikiwa mawe na vyuma juu ya kifua mpaka akubali au afe, na wapo waliochagua kufa hivyo makusudi, kwa sababu mtu aliyekufa bila kutiwa hatiani mali yake haikutaifishwa, bali ilibaki kwa watoto. Sheria hiyo ya mawe ilifutwa mwaka 1772 tu. Lile swali la Kigoma la ni kweli au si kweli ni mjukuu wa utaratibu huo, ingawa hakuna anayelikumbuka hivyo.

Bara Ulaya ilijibu kwa njia nyingine: msomi. Kanisa na vyuo vikuu vya Italia vilikuwa vimefufua sheria za Kirumi, na humo ilitolewa kanuni iliyoonekana kuwa salama kabisa: mtu asihukumiwe kifo ila kwa mashahidi wawili walioona kwa macho yao, au kwa kukiri kwake mwenyewe. Jaji hakuruhusiwa kufuata hisia zake. Kazi yake ilikuwa kuchunguza, kuuliza, kuandika kila kitu, na kuhesabu kama ushahidi umetimia. Lakini muuaji hachagui kuua mbele ya watu wawili. Uchunguzi ulipokwama kwa shahidi mmoja na dalili kadhaa, kilichobaki ni kukiri, na kukiri kukatafutwa kwa kamba na vyuma. Kanuni ya jinai aliyoitoa Kaisari Karl wa Tano mwaka 1532 kwa nchi za Ujerumani iliweka hata masharti ya lini mateso yanaruhusiwa. Kwa maneno mengine, kanuni iliyotungwa ili kumlinda asiye na hatia ndiyo iliyoujaza Ulaya vyumba vya mateso, na sijui mfano mbaya kuliko huo wa nia njema iliyoharibika.

Ufaransa ilivunja mpangilio huo katika Mapinduzi. Mwaka 1791 iliazima juri kutoka Uingereza, na mwaka 1808 Napoleon akatoa kanuni ya mwenendo wa jinai iliyochanganya mambo mawili: uchunguzi wa siri ulioandikwa na hakimu mchunguzi, na baada yake kesi ya hadharani yenye maneno ya mdomo. Hesabu ya mashahidi ilitupwa. Hadi leo, katika mahakama ya Ufaransa inayosikiliza makosa makubwa zaidi, rais wa mahakama huwasomea wajumbe wa juri maneno ya sheria yanayowaambia kwamba hawadaiwi maelezo ya njia waliyoifuata, bali wajiulize swali moja tu katika ukimya: je, mnayo yakini ya moyoni? Majaji watatu huingia chumbani pamoja na raia, wakajadili na kupiga kura pamoja, jambo ambalo Mwingereza huliona la ajabu, kwa sababu kwao juri hufungiwa peke yake.

Hapa inafaa nisahihishe dhana iliyoenea. Watu wengi hudhani kwamba jaji mnyamavu wa Kiingereza ni wa kale sana. Sivyo. Kwa karne nyingi majaji wa Uingereza waliuliza maswali kwa wingi na kwa ukali, na mshtakiwa wa kosa kubwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kuwahoji mashahidi. Ni kuanzia miaka ya 1730 majaji walipoanza kuwaruhusu mawakili kuuliza maswali ya dodoso, na ni mwaka 1836 sheria ilipowapa haki ya kuzungumza na juri kwa niaba ya mshtakiwa. Mawakili walipoingia, jaji akarudi nyuma, na kanuni za ushahidi zikaongezeka, kwa mfano ile inayokataa maneno ya kuambiwa, kwa hofu kwamba raia kumi na wawili wasio wasomi wangeyumbishwa. Jaji wa Bara Ulaya hakuwa na sababu ya kuogopa hivyo. Yeye huusikia ushahidi wa kuambiwa na kuupa uzito unaostahili.

Sisi tuliupata mfumo wa Kiingereza kwa kuzunguka Bahari ya Hindi. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika Zanzibar, Kenya na Tanganyika chini ya Waingereza, na Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika za mwaka 1930 zina damu ya kanuni iliyoandikwa Queensland, Australia, mwaka 1899. Juri lenyewe halikupandwa kwetu. Katika Kenya ya kikoloni lilikuwa haki ya Wazungu, na Waafrika walipewa wazee wa baraza, ambao walitoa maoni yasiyomfunga jaji. Kenya iliwaondoa wazee hao mwaka 2007. Hivyo tulibaki na kanuni za ushahidi zilizobuniwa kwa ajili ya juri, bila juri.

Lipo swali lingine linalotenganisha mapokeo, nalo ni la mwenye kesi. Kwetu hati huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, na aliyeibiwa ng'ombe wake kwa kawaida ni shahidi tu. Ufaransa na Congo humruhusu kuingia kama upande kamili, akadai fidia ndani ya kesi ile ile ya jinai. Fiqhi ya Kiislamu huenda mbali zaidi katika kesi ya kuua: kisasi ni haki ya warithi wa marehemu, nao wanaweza kukidai, kupokea dia, au kusamehe kabisa, ingawa mtawala anaweza bado kumwadhibu muuaji kwa taazir, yaani adhabu anayoipima mtawala mwenyewe. Ndiyo maana Mswahili anayeishi Ghuba husikia habari za familia mbili kukaa na kuafikiana juu ya damu, jambo ambalo mwendesha mashtaka wa Dodoma asingekuwa na kifungu cha kulifanyia.

Ukiuliza ni mfumo upi unaokosea zaidi, utapata majibu yenye chuki nyingi kuliko elimu. Ufaransa haijasahau kesi ya Outreau, ambamo uchunguzi wa hakimu mmoja uliwaweka mahabusu watu wasio na hatia, na kati ya washtakiwa 17 waliofikishwa mahakamani, 13 hatimaye waliachiwa, wa mwisho wao mwaka 2005. Uingereza nayo ina watu sita waliofungwa mwaka 1975 kwa mabomu ya Birmingham na kuachiwa mwaka 1991. Dosie iliyopotoka humpotosha jaji anayeiamini, na polisi waliosema uongo hulipotosha juri linalowasikiliza. Kwa sasa mifumo yote miwili inaazimana: Italia ilihamia kwenye mabishano ya mawakili kwa kanuni mpya ya mwaka 1988, Ufaransa ilikubali njia ya kukiri kosa kwa makosa madogo mwaka 2004, na Kenya na Tanzania zikaweka kisheria makubaliano ya kukiri kosa mwaka 2008 na 2019. Marekani, nchi ya filamu za juri, zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za hatia hutokana na kukiri, wala juri halikai.

Mahali ambapo mapokeo haya yalikutana kwa karibu ni Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994, ilifuata kwa sehemu kubwa utaratibu wa mabishano, lakini haikufungwa na kanuni za ushahidi za nchi yoyote, na ushahidi wa kuambiwa ulipokelewa. Tarehe 1 Mei 1998 Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya mauaji ya kimbari na raia wa nchi iliyorithi sheria za Kibelgiji, alisimama na kukubali mashtaka yote, kwa utaratibu wa Kiingereza. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha akakata rufaa akitaka kukiri kwake kufutwe. Rufaa ilikataliwa mwaka 2000.

Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, walikaa majaji watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hati ya mashtaka haikutaja ubakaji. Mwezi Januari 1997 shahidi mmoja, mama aliyefichwa jina, alisema katika maelezo yake kwamba binti yake mdogo alibakwa. Mwendesha mashtaka hakuwa amemwita kwa ajili ya jambo hilo, lakini majaji hawakulipita; wakauliza, Pillay akiwa mmoja wa waliouliza, ingawa alikuwa amelelewa katika mapokeo ambayo jaji husikiliza tu. Mashahidi wengine wakafuata, na mwezi Juni hati ikafanyiwa marekebisho. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Akayesu kwa mauaji ya kimbari, ikatamka kwa mara ya kwanza katika mahakama ya kimataifa kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo.